Ombi Moja la Mtemi Ilagila

Jongeeni. Na wewe unayetafuna muwa, tema kwanza, maana leo siwapi hadithi ya kucheka. Nawapa kesi. Nimeisikia tangu meno yangu yakiwa kamili, sasa yamebaki manne, na bado imenishinda.

Katika nchi ya Mtemi Ilagila walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Shibuda alikuwa msasi, na alijua kusoma nyayo. Ukipita mahali asubuhi, yeye akipita jioni, angekuambia ulibeba mzigo gani na ulikuwa kwenye bega lipi. Wake zake wawili walikuwa hawajisumbui kumdanganya walikotoka.

Lubinza alikuwa mchimba visima. Kiangazi kikikaza, wakati wengine wanahangaika na ndoo, yeye alijua kila dimbwi lililobaki, kubwa kwa dogo, hata yale yaliyojificha chini ya mchanga.

Wa tatu alikuwa Bibi Nkwimba, mkunga. Kipaji chake kilikuwa sauti. Mwanamke angeweza kupiga kelele za uchungu mpaka majirani wazibe masikio, lakini akimsikia Nkwimba akisema, "Nipo hapa, mwanangu," mwili wake ulilegea wenyewe.

Sasa sikieni balaa lilivyoanza. Mtemi alikuwa na mpwa aitwaye Masunga, mtoto wa dada yake, na katika nchi ile mpwa ndiye hurithi kiti. Siku moja walinzi walipekua nyumba ya Masunga, na ndani ya chungu cha unga wakakuta kibangwa, kile kipande cheupe cha kombe anachovaa Mtemi peke yake kwenye paji la uso. Masunga akasema ni mama yake aliyemwachia akitunze. Mama yake alikuwa kaburini, hakuweza kuulizwa. Watu wa Mtemi wakasema mtu hafichi kibangwa bila kutaka kukivaa, na anayetaka kukivaa anataka Mtemi afe.

Alikuwa msaliti kweli? Sijui, msinitazame hivyo. Nimeshawaambia kesi imenishinda.

Masunga hakungoja kuhukumiwa. Alimchukua mkewe, Milembe, wakakimbilia porini. Milembe alikuwa na mimba ya miezi saba, na kabla ya hiyo mbili zilikuwa zimeharibika. Bibi Nkwimba ndiye aliyemuuguza mara zote mbili, na ndiye aliyeilea hii ya tatu kwa dawa na maneno.

Mtemi aliita watu wote, akaweka mkono juu ya ngoma kuu na kuapa: "Atakayenikamatia wasaliti hawa wakiwa hai, nitampa ombi moja. Lolote. Sitalikataa."

Kiapo cha juu ya ngoma hakivunjwi, hata na Mtemi mwenyewe. Lakini kina masharti mawili, na myashike vizuri. Ombi ni moja na linatoka katika mdomo mmoja. Watu wawili hawawezi kuligawana. Tena halitajwi kwa mtu yeyote kabla mwenyewe hajaruhusiwa kuomba. Ukilitaja, limekufa.

Shibuda alijua moyoni angeomba nini. Kijiji chake kilikuwa kikilima mashamba ya Mtemi kila mvua zilipoanza, kikarudi kwenye mashamba yake wakati mvua zinaondoka. Mwaka uliopita walizika watoto wanne kwa njaa. Angeomba kijiji kiachiwe. Lubinza naye alikuwa na mdogo wake ndani ya boma la Mtemi, mwaka wa sita sasa, amefungwa gogo shingoni kwa kuchoma ghala. Na ni kweli alilichoma. Lakini miaka sita ni mingi, na ndugu ni ndugu.

Nkwimba hakutaka ombi wala safari. Kasanda, mkuu wa walinzi, ndiye aliyemfuata nyumbani.

"Bibi, yule binti akishikwa na uchungu porini, nani atampokea mtoto?"

"Na mkishawapata, mtawafanya nini?"

"Wataulizwa tu, kisha waende kwao."

Akamwamini, akaenda shingo upande.

Siku tatu za kwanza zilikuwa za Shibuda. Watu wote walidhani Masunga amekwenda mashariki kwa wakwe zake. Shibuda akageukia magharibi. Wale wakimbizi walikuwa wametembea nyuma ya kundi la ng'ombe ili kwato zifute nyayo zao, lakini yeye aliona pembeni mwa njia mahali ambapo majani yamelala, mbele kidogo tena, na mbele tena. "Ni mwanamke mzito," akasema. "Anakaa kila baada ya mwendo mfupi, na mume anasimama kumngoja." Akawafuata hivyohivyo mpaka kwenye milima ya mawe. Hapo nyayo zikaisha, naye akakaa chini. "Wamo humu. Ila milima hii ina mapango mia, na jiwe halinionyeshi kitu."

"Mapango mia, lakini maji ni matatu tu," akasema Lubinza.

Akaweka walinzi kwenye madimbwi mawili, la tatu akalikalia mwenyewe. Siku mbili hakuja mtu. Basi akaanza kuzunguka akipapasa mchanga, na nyuma ya jabali moja akakuta kishimo kimechimbwa kwa kucha, kina maji ya kujaza kiganja. Ninapofika hapa huwa natamani angekipita. Hakukipita. Alikifukia kwa mawe, akafuata michirizi ya matone mpaka kwenye mdomo wa pango jembamba. Mlinzi mmoja akajaribu kuingia, akatoka na mshale pajani.

Walingoja siku nzima. Hakutoka mtu. Kasanda akaanza kutokwa jasho, kwa sababu Mtemi aliwataka hai, na kiu ilikuwa inakaribia kumletea maiti.

Ndipo Nkwimba akasogea mdomoni mwa pango.

"Milembe, mwanangu. Nipo hapa."

Sauti kavu ikauliza, "Bibi? Ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Mtoto anacheza?"

"Tangu jana hachezi."

"Toka nikushike tumbo."

Masunga alipiga kelele kumzuia. Milembe alitoka akitambaa, midomo imepasuka, na mumewe alipoona hivyo akatupa upinde akamfuata. Nkwimba akaweka kiganja tumboni, akangoja, na mtoto akamsukuma mkono. Kabla hajafungua kinywa kusema, kamba zilikuwa zimeshafungwa.

Kasanda akamwambia mlinzi mmoja, bila hata kushusha sauti, "Kimbia mbele, waambie wanaofyeka njia ya Jabali wamalize." Jabali ni mwamba mrefu ambako wasaliti hutupwa chini wafe. Njia ilikuwa inafyekwa tangu siku ile msako ulipoanza.

Nkwimba akajua amedanganywa, na akajua ametumiwa kudanganya. Njia nzima ya kurudi hakula. Wafungwa walitangulizwa na walinzi, hakupata kusema nao hata neno. Lakini sasa alikuwa na ombi.

Kwenye baraza Mtemi akauliza ni nani aliyewakamata.

"Bila mimi mngekuwa bado mnawatafuta mashariki," akasema Shibuda.

"Nyayo zake ziliishia kwenye jiwe," akasema Lubinza. "Mimi ndiye niliyeonyesha pango, na kiu niliyowatia ndiyo iliyowavunja."

Bibi Nkwimba hakuwahi kujisifu maisha yake yote. Alisimama, akasema kwa nguvu ili wote wasikie: "Hawa walipata mlima na tundu. Watu nimewakamata mimi. Binti aliniamini kuliko mama yake, nami nikaitumia imani hiyo kumtoa. Hakuna aliyewakamata kama mimi."

Wanawake aliowazalisha wakaguna. Mmoja akatema mate chini. Nkwimba akarudia maneno yaleyale.

Mtemi akamgeukia Milembe. "Wewe ndiye uliyekamatwa. Nani aliyekukamata?"

Milembe akamtazama kikongwe yule anayezomewa, akamwonea huruma. Hakujua kilichokuwa moyoni mwake. Angekijuaje?

"Bibi Nkwimba hakunikamata, Mtemi. Alikuja kumwangalia mwanangu. Msimtwike dhambi isiyo yake."

Nkwimba akaweka mikono kichwani. "Ni mimi! Milembe, mwanangu, nakusihi, sema ni mimi!"

"Hapana, bibi. Sisemi."

Na hakuweza kumweleza kwa nini anamsihi. Angetamka neno moja tu, ombi lingekufa palepale, na Milembe na Masunga na yule aliye tumboni wangekufa pamoja nalo.

Mtemi akawageukia wazee wa baraza. "Mmesikia. Nani apewe?"

Wazee wale walijua kazi ya kila mmoja tu, hawakujua maombi yao. Nyinyi mnajua yote, na naona kuna mtu ameshafungua mdomo aseme apewe mkunga, watu wapone. Haya. Unampa kwa sababu ndiye aliyekamata, au kwa sababu unapenda anachotaka kuomba? Na ukisema ndiye aliyekamata, umekubali kwamba alimsaliti Milembe, wakati Milembe mwenyewe amesema kwamba hakumsaliti. Ukimpa, nenda wewe ukamwambie Lubinza gogo libaki shingoni mwa mdogo wake. Nenda kijijini kwa Shibuda ukawaambie mvua zinakuja na majembe yaende kwa Mtemi. Ukimnyima, panda njia ile iliyofyekwa ukaangalie.

Msiniulize mimi, nimeshasema. Mtemi amesimama, mkono wake uko juu ya ngoma, na wewe ndiye mzee wa baraza. Nani aliwakamata?