Mizinga ya Bi Msimu

Nawapa kesi, hukumu nawaachia ninyi.

Bwana Khatibu alikuwa na watoto watatu. Riziki, binti yake mkubwa, alikuwa na masikio: akisikia mlio mmoja tu, anakwambia ni ndege gani na yuko mti gani. Shaame alikuwa na mikono ya subira. Alichambua gunia zima la mchele bila kuinua kichwa. Makame, kitindamimba, fundi wa mabati, alifanya kazi ng'ambo.

Mama yao, Bi Msimu, alifariki akaacha mizinga kumi na miwili kando ya bwawa, na neno moja: isigawanywe. Aliwahi kuigawa, nyuki wakahama.

Makame hakuwahi maziko. Alituma maua ya vyungu yapandwe kaburini. Katika udongo wake walijificha vyura wadogo wa huko ng'ambo, wala hakuna aliyewaona. Mwaka wa tatu walijaa bwawani, wanene kama ngumi, na kila magharibi walijipanga chini ya mizinga wakidaka nyuki mmoja mmoja. Mizinga minne ikanyamaza.

"Na mama yenu hata hakupenda maua ya vyungu," alisema Bwana Khatibu. Akatangaza kwamba atakayeiokoa mizinga ataichukua yote.

Shaame alivaa mfuko wa plastiki mkononi, maana ngozi ya vyura wale ina sumu, akaokota. Alijaza ndoo kila siku, mwezi mzima. Wakazaliana kuliko alivyookota. Tena aliokota na wa kwetu.

Riziki akamsimamisha. Alikaa bwawani siku tisa akisikiliza, kisha akamfundisha: anayekoroma ni mgeni; anayepiga mluzi ni wetu, mwache. Lakini masikio hayakamati chura.

Makame akarudi. Kabla hata ya kula, vyura wakiwa mizingani, alizungushia bwawa mabati, ukingo akaufukia kina cha shubiri nzima. Vyura wakakosa maji, wakarundikana nje ya uzio. Sasa Riziki alitaja, Shaame akaokota, wa kwetu wakavushwa ndani. Mvua mbili zikapita bila mkoromo. Nyuki wakatulia.

Ndipo ugomvi ulipoanza.

"Mikono hii ndiyo iliyowaondoa," alisema Shaame.

"Ungetumalizia na wa kwetu, ndugu yangu," alisema Riziki.

"Bila uzio mngeokota mpaka uzeeni," alisema Makame.

"Na bila maua yako, tusingeokota kabisa," alisema Shaame.

"Nilimtumia mama," alisema Makame.

Kila asubuhi walikuja na hoja zilezile. Bwana Khatibu aliwaambia wazi kwamba vyura walimchosha kidogo kuliko wao.

Ijumaa asali inarinwa, na anayefungua mzinga wa kwanza ni mwenye mizinga. Bwana Khatibu ameshika bomba la moshi la kufukizia nyuki, la marehemu mkewe, na wote watatu wamenyoosha mkono.

Aliyewatambua, aliyewaokota, au aliyewazuia baada ya kuwaleta? Wewe ungekabidhi bomba hilo kwa nani?