Miaka Miwili ya Kusema Nimeelewa

Ndugu zangu, nina mfano wa mama mmoja. Ni mfano tu, kwa hiyo msianze kugeuka na kumtafuta kwenye viti vya nyuma. Tumwite Mama Namkunda. Aliongoza shule ya msingi miaka ishirini na sita, akastaafu, lakini mtaani hakuna aliyeacha kumwita Mwalimu Mkuu, hata muuza nyanya. Alikuwa na miaka sitini na moja alipoamua kujifunza kinanda.

Watu walishangaa. "Uzee na kinanda wapi na wapi?" Yeye akawajibu kwamba vidole vyake havijastaafu. Na alisema kweli. Naliweka hili wazi mapema, asije mtu akatoka hapa na fundisho ambalo si langu: tatizo la mama huyu halikuwa umri.

Aliyemfundisha alikuwa kijana Mbazi, mpiga kinanda wa usharika, ambaye alikuwa amesomea muziki chuoni. Mbazi huyo huyo aliwahi kufundishwa na Mama Namkunda darasa la nne. Basi kila Jumamosi saa nne asubuhi wanakaa wawili kanisani, mwanafunzi ana miaka sitini na moja, mwalimu ana ishirini na tano, na mwalimu ndiye anayesema, "Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

Siku ya kwanza Mbazi alifungua kitabu, akaeleza ile mistari mitano, nota zinazokaa juu ya mstari na zinazokaa kati ya mstari na mstari. Akauliza, "Tumeelewana?"

Mama hakuwa ameelewa hata kidogo. Lakini hebu fikirini. Mwanamke aliyezoea kuuliza yeye, aseme "sijaelewa" mbele ya mtoto aliyemfundisha hesabu za kugawanya? Akasema, "Nimeelewa. Endelea."

Neno hilo moja, ndugu zangu, lilikula miaka miwili.

Maana wiki iliyofuata angesema nini? Na ile iliyofuata? Akatafuta njia. Akawa anamwambia, "Mbazi, nipigie kwanza wewe nisikie." Mbazi anapiga. Mama anatazama vidole, na simu ndani ya mkoba inarekodi. Akifika nyumbani anasikiliza mara thelathini, anatafutatafuta kwenye kinanda chake kidogo mpaka wimbo unakubali. Jumamosi anafungua kitabu, anakikazia macho, anapiga bila kukosea. Masikio yake yalikuwa mazuri ajabu. Kitabu kilikuwa pambo. Kila wiki alimletea mwalimu alichokiweza, na kilichomshinda alikiacha nyumbani.

Niwaulize: ukienda hospitali na mguu mmoja una kidonda, unampa daktari ule mguu ulio mzima ili akusifu?

Mama huyu alikuwa na rafiki wa tangu utotoni, Eliwaza. Eliwaza akaugua, na ugonjwa ukawa ule ambao madaktari wanamwita ndugu pembeni. Siku moja Mama Namkunda amekwenda kumjulia hali, mgonjwa akaingiza mkono chini ya mto, akatoa karatasi iliyochakaa. Ilikuwa nota zilizoandikwa kwa mkono. Baba yake Eliwaza alikuwa mwalimu wa kwaya, na wimbo ule aliutunga mwenyewe mkewe alipofariki. Haumo kwenye kitabu chochote.

"Siku yangu ikifika, nipigie huu," akasema Eliwaza.

"Usiseme hivyo. Utapona."

"Namkunda, nijibu. Utanipigia?"

Mama akaitazama karatasi. Kwake ilikuwa kama nyayo za kuku kwenye vumbi. Akasema, "Nitakupigia."

Moyoni alijipa matumaini: Jumamosi nitamwambia Mbazi anipigie kwanza nisikie. Lakini Mbazi alikuwa amesafiri kwenda kumwoza dada yake mkoa mwingine. Na Jumatano Eliwaza akafariki, mazishi yakapangwa Jumamosi hiyo hiyo.

Mtasema, si angempigia simu? Alishika simu mara nne. Mara nne akaiweka chini. Angeanzaje? Mtu aliyesoma nota miaka miwili anaombaje asomewe ukurasa mmoja? Angeweza pia kwenda kwa mchungaji siku ya Ijumaa akasema, baba, siwezi. Hakwenda.

Jumamosi kanisa lilijaa. Jeneza liko mbele. Mwongoza ibada akatangaza, "Sasa Mwalimu Mkuu atatupigia wimbo alioutaka marehemu mwenyewe." Mama akakaa kwenye kinanda, akaiweka ile karatasi, akaitazama. Ikapita dakika nzima. Watu wakadhani ni uchungu. Kisha mikono yake ikaanza kupiga wimbo mwingine, wa maziko, ule tunaoujua sote. Watu wakaupokea, wakaanza kuimba.

Binti wa marehemu, aliyekuwa amesimama kando ya jeneza, akainua mkono. "Mama mkubwa, siyo huo."

Wimbo ukakatika.

"Mama alikupa karatasi. Si hiyo hapo mbele yako?"

"Ndiyo hii, mwanangu."

"Sasa?"

"Sijui kuisoma."

Kuna mtu nyuma alisema "Yesu wangu!" kwa sauti, na hakuna aliyemkemea. Miaka miwili watu wamemwona akiingia kanisani na kitabu kwapani! Binti akajaribu kuuimba mwenyewe, maana alikuwa akimsikia mama yake akiuimba kwa sauti ya chini jikoni. Akaimba mistari miwili. Wa tatu haukuja. Akasimama pale mdomo wazi, akitafuta, hadi shangazi yake akaja kumshika. Eliwaza akatolewa kanisani bila wimbo wa baba yake.

Mbazi alirudi Jumatatu, akapata habari kwenye kituo cha basi kabla hajafika kwao. Akaenda moja kwa moja kwa Mama Namkunda. Hata hajakaa, mama akasema, "Mbazi, nimekudanganya miaka miwili. Sijui nota hata moja."

Kijana akainamisha kichwa. "Najua, Mwalimu Mkuu."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili wa kukufundisha. Ulikuwa unafunua ukurasa kabla hujafika mwisho wake. Siku moja nikakufungulia wimbo mwingine kabisa, wewe ukapiga ule wa wiki iliyopita."

Mama akashika ukingo wa meza. "Ukanyamaza?"

"Niliogopa. Darasa la nne niliwahi kusema sijaelewa, ukanisimamisha mbele ya ubao mpaka kengele ikalia, wenzangu wananicheka. Nikasema nitasubiri uulize mwenyewe. Kila Jumamosi nasema labda leo."

Mnasikia? Yeye hakuuliza kwa aibu, na kijana hakusema kwa woga, na woga huo aliupanda mama mwenyewe kwa mkono wake kwenye darasa la nne. Mama yule yalipomtoka machozi, hayakuwa ya Eliwaza peke yake. Akasema, "Nisamehe, mwanangu." Mbazi naye akasema, "Na wewe unisamehe. Nilikuwa naona una njaa, nakusifu umenenepa."

Akaanza upya akiwa na miaka sitini na tatu. Safari hii Mbazi alitoa sharti moja: "Usiniletee unachokiweza. Niletee kinachokushinda." Wiki ya kwanza mama alisema "sijaelewa" mara kumi na moja. Nyumbani akaacha kupiga nyimbo nzima za kumfurahisha jirani. Akachukua mstari mmoja, polepole, robo saa kila siku, akirudia pale pale panapouma.

Baada ya wiki tisa aliweza kuisoma ile karatasi. Akaenda na kinanda chake nyumbani kwa binti wa Eliwaza, akapiga. Alikosea mara mbili, akasimama, akarudi, akamaliza. Binti akausikia mstari wa tatu, na wa nne, na ubeti wa mwisho ambao mama yake hakuwahi kuuimba, pengine kwa kuwa hakuweza kuufikia bila kulia.

Binti akauliza, "Umejifunza kwa muda gani, mama mkubwa?"

"Wiki tisa."

"Tisa tu?"

"Tisa."

Binti akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Wiki tisa, ndugu zangu! Na alikuwa amepewa miaka miwili.

Sasa sisi. Maana hamkuja hapa kusikia habari za kinanda. Sisi tunaingia humu Jumapili kwa Jumapili na vitabu kwapani. Tunasimama panaposimamiwa, tunasema amina panaposemwa amina, kwa sababu masikio yetu ni mazuri. Lakini siku msiba unapiga hodi kwako, siku ndoa inapasuka, siku mtoto anakuuliza swali, ukurasa unawekwa mbele yako, na wewe huwezi kusoma mstari wa kwanza. Mungu hajui? Anajua tangu mwezi wa pili. Anasubiri uulize. Nani alikudanganya kwamba unatakiwa umletee ulichokiweza? Na wewe mzee unayesema umechelewa, umechelewa kwa kipi? Kujifunza, au kukiri?

Nasi tulio mbele hapa, wachungaji, walimu, wazazi, tusijifiche nyuma ya mama huyu. Wangapi tumewasimamisha mbele ya ubao, leo tunashangaa hawatuulizi kitu? Mwezi uliopita nilimuuliza mzee mmoja wa kanisa kama ameyaelewa mahubiri. Akasema, "Mazuri sana, mchungaji." Nikafurahi, nikaenda zangu. Sikumuuliza nilihubiri nini. Niliogopa jibu.

Kwa hiyo leo hatutasimama kuimba kwanza. Kila mmoja amgeukie aliye karibu naye, amwambie jambo moja la imani ambalo amelisema miaka yote na hajawahi kulielewa. Msicheke. Naanza mimi. Nimezika watu wengi kwenye usharika huu, na karibu kila kaburi nimesema, "Sisi tulimpenda, Mungu amempenda zaidi." Mwaka juzi nilisema hivyo kwenye kaburi la mtoto wa miaka mitatu, mama yake akaniangalia usoni. Ndugu zangu, sielewi maana yake. Sijawahi kuelewa.

Haya. Mimi nimeshasema. Nani anafuata?