Mlinda Lango wa Sultani Mwengo

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko visima, paliondokea Sultani katika mji wa Mbwazi, jina lake Mwengo, aliyependa mchezo wa magongo kuliko wake zake wanne, na hao wake walishukuru. Ikawa desturi ya nchi ile, kila siku ya Mwaka, mwaka mpya uingiapo, walinda lango wa miji yote huwa huru tangu asubuhi hata jua kuchwa, na kila sultani hujichukulia amtakaye.

Basi mwaka wa kwanza Waziri Shomvi akamwacha mlinda lango wa zamani, akachagua jitu moja pana kama mlango wa ngome. "Maulana, huyu hata akilala, lango limejaa." Naye akalala kweli. Mwaka wa pili akaleta mzee aliyesifika enzi za babu yake Sultani. Sifa zilifika uwanjani, magoti yakabaki kwao. Mwaka wa tatu akaja kijana mwenye barua saba za kumsifu, zote zimeandikwa na mjomba wake.

Kandoni mwa uwanja palikuwa na kibanda cha Kheri, fukara aliyeshona mipira ya ngozi ya mbuzi. Humo alishona, humo alipika, humo alilala. Siku moja kabla ya Mwaka, kijana wa barua alipofungwa bao la tisa, Kheri akacheka, Sultani akamsikia.

"Wacheka nini, wewe?"

"Sicheki, maulana. Pumzi zimenitoka."

Waziri akadakia, "Kwa kuwa ajua sana, basi atuletee yeye! Akishindwa, kile kibanda kivunjwe, tupate pa kuweka viti vya mawaziri."

Sultani akasema, "Neno jema. Kesho, jua lisichwe ila umeniletea mtu ambaye tangu azaliwe hajapitwa langoni na mpira hata mmoja."

Kheri akainama. "Na nikimleta, atasimama langoni?"

"Naapa kwa kiti changu, atasimama, awe nani awaye."

Kulipokucha, wavunjaji wakaja na mashoka, wakakaa kizingitini wakingoja. Kheri akawakaribisha muhogo wa kuchoma, wakala. Hata alasiri akajipangusa mikono, akaenda moja kwa moja barazani, akamshika Waziri Shomvi mkono.

"Maulana, mtu wako ndiye huyu."

"Una wazimu!" akafoka Waziri. "Mimi sijasimama langoni maisha yangu!"

"Ndiyo maana hujapitwa, bwana mkubwa. Nimeuliza mji mzima. Kila aliyewahi kusimama pale amepitwa. Asiyepitwa ni wewe unayewachagua."

Sultani alikwisha kuapa. Basi Waziri akapewa gongo, akalishika kama mwiko. Wakampigia mipira ishirini. Wa kwanza ulipokuja akakikinga kilemba kwa mikono miwili, na iliyobaki hakuiona, maana alikuwa amefumba macho. Sultani akacheka hata machozi yakamtoka.

Kheri akasema taratibu, "Yuko mwingine pia mwenye sifa hizo hizo, maulana, ila nimeona kiti chake kinamfaa zaidi."

Sultani akamtazama, kisha akacheka tena, safari hii kidogo. "Haya, mjuzi. Nimchukue nani?"

"Ngwali, mlinda lango wa zamani, uliyemwacha mwaka ule wa kwanza."

"Yule? Aliruhusu mabao arobaini!"

"Nyinyi mwahesabu mabao, maulana, mimi nashona. Mpira uliompita mtu hurudi kwangu mzima. Uliozuiwa, umegonga gongo au kifua, hurudi mshono umepasuka. Mwaka wa Ngwali nilishona hata vidole vikaota sugu. Tangu alipoondoka, sindano yangu imeota kutu, na mimi nalala na njaa."

Ikawa kabla jua halijachwa Ngwali ameitwa, na wavunjaji wamerudi kwao na mashoka yao, wameshiba muhogo.

Jioni ile ile wakamletea Kheri mipira ishirini aliyopigiwa Waziri. Akaigeuza mmoja mmoja, akaibonyeza, akaipapasa mishono. Hakuna hata mmoja uliohitaji sindano.