Baghala Aliyeandikwa Si Hai

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa kiu.

Kiu ya nani?

Ya asiye na mwenzake.

Basi sogeeni. Hapo kale, kale ya kale, jua lilikausha nchi, kikabaki kisima kimoja. Tembo, mkubwa wa wanyama, akatoa amri: maji ni ya walio hai tu. Ukarani akapewa Ngiri. Kazi aliipataje? Msiniulize. Mjomba wake alikuwa kwenye kamati.

Baghala naye akaja. Mama yake farasi, baba yake punda, na hakufanana na yeyote kati yao. Nchi nzima haikuwa na baghala mwingine.

Ngiri akafungua fomu. "Unakua?"

"Nakua, bwana karani."

"Umezaa wangapi?"

"Sijazaa. Sisi baghala hatuzai."

"Sori, madam. Kilicho hai hukua, kilicho hai huzaa. Sistimu imekukataa. Neksti."

Siku ya pili akarudi. Jibu lile lile. Siku ya tatu Ngiri akamnyoa nywele za shingo, ili ajulikane kuwa si hai. Baghala akawa analamba umande, peke yake. Wanyama wakampita bila salamu. Nani humsalimu asiyekuwepo?

Lakini macho alikuwa nayo. Akamwona Ngiri kila asubuhi akinywa mafungu mawili.

"La pili la nani?"

"La Mheshimiwa Tuta," Ngiri akasema, akionyesha tuta la mchanga. "Hukua kila upepo ukivuma. Na vile vituta pembeni ni watoto wake saba. Wewe una nini, dada? Digrii ya upweke?"

Baghala akaenda kwa Tembo. "Mzee, tuzungushie ukuta wa matete, mimi na Tuta, upepo usipite. Kila mmoja apewe maji na majani. Tuone nani atakua."

Wiki tatu zikapita. Ukuta ukabomolewa. Tuta lilikuwa lile lile, majani yamelikaukia juu. Shingoni mwa Baghala nywele mpya zimesimama kama brashi.

"Tuta hurundikwa na upepo," Tembo akasema. "Huyu hukua kutoka ndani."

"Lakini hajazaa," Ngiri akang'ang'ana.

"Sijazaa," Baghala akasema, "ila nimezaliwa. Mama alinibeba miezi kumi na mmoja. Tuta lako, mama yake nani?"

Ngiri akafunga fomu.

Akaamriwa fungu lake alimwagie Tuta kila siku, mpaka lizae. Ndiyo maana hadi leo Ngiri hupiga magoti akichimba mizizi yenye maji.

Baghala akaandikwa, akanywa, akashiba. Wenye watoto wakaondoka na watoto wao. Yeye akabaki, akainamisha kichwa. Ndani ya maji baghala mwenzake akamtazama, shingo imeota nywele. Akakaa naye mpaka jua likachwa.

Fundisho ni hili: kilicho hai hukua kutoka ndani, na huzaliwa na kilicho hai. Lakini asiyezaa naye alizaliwa. Msimfute.

Hadithi yangu nimeifikisha kisimani. Mwenye kiu achote, na ampishe aliye peke yake.