Masasisho Mia Mbili Mlangoni pa Sultani

Hapo zamani, wala si zamani ile ya mbali, maana waya wa intaneti ulikwisha kufika, palikuwa na mji uitwao Ukwaju, na mjini mle akitawala Sultani Munadhiri, mtu mkarimu kupita kiasi na mvivu kupita ukarimu wake. Intaneti ya Ukwaju ilikuja kwa waya mmoja tu. Waya huo ulipita kwanza jumbani kwa Sultani, na kilichosalia ndicho wakagawana watu wa mji. Basi jumbani mlikuwa na kompyuta mia mbili. Kazi yake hasa hakuna aliyeijua, lakini Sultani wa mji wa jirani alikuwa nazo mia na hamsini, na jambo kama hilo haliachwi hivihivi.

Nyumba iliyoegemea ukuta wa jumba ilikuwa ya Faki Mtondoo, fundi wa redio mbovu, ambaye hakuwa na kitu duniani ila ulimi na binti. Ulimi ulimtia matatani kila wiki. Binti, jina lake Mize, alikuwa ameposwa na Haroub, mpishi wa meli aliyekuwa katika bandari ya nchi ya mbali, na meli yake ilikuwa ing'oe nanga siku ya Ijumaa, alasiri, kwa safari ya mwaka mzima huko kusikofika simu wala barua. Ndoa ilikuwa ifungwe kabla ya hapo kwa njia ya intaneti, bwana arusi akionekana kwenye skrini. Mtu atauliza, mbona asiwakilishwe? Kadhi wa Ukwaju hataki kusikia habari za uwakilishi, tangu siku ile alipomwoza mtu aliyewakilishwa na nduguye, ikaja kugundulika kwamba yule ndugu alijikubalia mwenyewe.

Siku ya Jumatano wakakusanyika sebuleni kwa Faki. Faki, kwa kuwa ndiye walii, akanena, "Ewe Haroub, nimekuoza binti yangu Mize kwa mahari mliyopatana."

Haroub akafungua kinywa, akasema, "Nime—" kisha akaganda, kinywa wazi na jicho moja limefumba, kama mtu aliyebanwa na chafya. Wakangoja. Wakaanza upya, na safari hii tena ikawa "Nime—" na jicho la pili.

Kadhi akafunga kitabu chake. "Nime nini? Nimekula? Nimelala? Sheria haiijui nime, Bwana Faki. Nitarudi Ijumaa baada ya sala, na nisiposikia neno zima, mimi simo."

Mize akaingia chumbani akafunga mlango, na Faki akamsikia akilia kile kilio cha mtu asiyetaka kusikiwa. Moyo ukamuuma sana, akavaa kanzu yake ya pekee, akaenda jumbani.

Alikwisha kuijua sababu. Zile kompyuta za Sultani kila siku hubisha hodi kwa maandishi kwenye skrini: "Sasisho jipya la mfumo limefika. Je, unaruhusu?" Sasa, marehemu babu yake Sultani aliusia kwamba mgeni yeyote abishaye hodi katika jumba lile asirudishwe, na apewe heshima zote za mgeni. Makarani walipoyaona maandishi yale kwa mara ya kwanza walikwenda kwa Waziri Khalifani, naye akatafakari siku tatu akatoa hukumu: sasisho hubisha hodi, huomba ruhusa, hungoja jibu, basi sasisho ni mgeni. Tangu hapo makarani hawana kazi nyingine ila kubofya "Ruhusu", mia mbili kwa mpigo, na masasisho yakaingia yakainywa intaneti ya mji mzima mpaka tone la mwisho. Yakiisha haya yanakuja mengine.

Basi Faki akasimama mbele ya Sultani, akaeleza yote, hata habari ya jicho. Sultani akacheka, lakini Waziri Khalifani akakunja uso. "Bwana wangu, huyu ataka tuwafukuze wageni wako."

"Hapana, hilo haliwezekani," akanena Sultani. Kisha, kwa kuwa siku ile hakuwa na la kufanya, likamjia la kumsumbua mwenziwe. "Sikiliza, ewe Faki. Nakupa ruhusa uipunguze intaneti inayoliwa na masasisho. Lakini usimrudishe mgeni hata mmoja, usizime kompyuta hata moja, wala usiuguse waya. Ukiweza, useme utakalo. Usipoweza, utafagia banda la mbuni wangu mwaka mzima, na mbuni yule, nakwambia kweli, hana adabu."

"Sikio langu limesikia, bwana wangu," akajibu Faki. "Ila naomba na wewe uniahidi kwamba wageni hao watapewa heshima zao zote, kama alivyousia babu yako."

"Naahidi mbele ya watu wote hawa," akasema Sultani, naye hakujua anajifunga mwenyewe.

Ijumaa baada ya sala, Faki akaja jumbani amebeba mrashi wa marashi, chetezo kinachofuka udi, na birika la kahawa. Makarani walikuwa wamekwisha kunyoosha vidole wabofye. Akawazuia, akamgeukia Sultani.

"Ewe bwana wangu, mgeni gani huyu aingiaye mpaka chumba cha ndani, akala sinia zima, na mwenye nyumba hajamwona uso? Watu wa mji watasema jumba hili limeharibika. Kawaida ya hapa, nami nimeikuta, ni mwenyeji mwenyewe asimame mlangoni, amnyunyizie mgeni marashi, amfukize udi, amuulize habari na kuzisikiliza mpaka mwisho, kisha ndipo amruhusu aingie. Na wa pili hapokelewi mpaka wa kwanza ashibe. Hao wote ni wageni wako, na ahadi umeitoa."

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama dari. Haikuwapo njia ya kuikana kawaida ya babu, basi Sultani akainuka, akashika mrashi, akaiendea kompyuta ya kwanza. Akainyunyizia kidogo, akasema, "Karibu, karibu sana. Za utokako?"

Faki akasoma kwenye skrini: "Sasisho hili linarekebisha hitilafu na kuimarisha usalama."

"Alhamdulillahi," akasema Sultani, akabofya "Ruhusu". Sasisho likaingia peke yake, na lilipokwisha kushiba akaiendea kompyuta ya pili. "Karibu. Za utokako?" Nalo likasema linarekebisha hitilafu na kuimarisha usalama. La tatu likasema hayo hayo. Alipolifikia la kumi na nne, Sultani akauliza, "Hitilafu zipi hizo?"

"Halisemi, bwana wangu. Nasi si vizuri kumpekua mgeni."

Ikawa karibu, za utokako, hitilafu, usalama, marashi, udi, mpaka kiuno cha Sultani kikakakamaa. Na kwa kuwa sasa mgeni mmoja tu ndiye aliyekuwa akila kwa wakati, intaneti ikafurika mjini. Watu waliokuwa wakingoja picha tangu mfungo mosi wakaziona. Faki akaliona hilo, akamkabidhi karani kazi ya kusoma, akatoka kimyakimya mpaka kwake, ambako Kadhi alikuwa amekwisha kukaa na saa mkononi.

"Ewe Haroub, nimekuoza binti yangu Mize kwa mahari mliyopatana."

"Nimekubali kumuoa Mize kwa mahari tuliyopatana!" akajibu Haroub, maneno mazima, macho yote mawili wazi, nyuma yake wapishi wenzake wakigonga masufuria. Vigelegele vikapasuka. Faki akaegemea ukuta akalia mbele za watu, wala hakujificha.

Vigelegele vile vikaruka ukuta vikamfika Sultani akiwa kwa mgeni wa ishirini na tatu, amelowa marashi mpaka kilembani. Akaulizia, akaambiwa, akaagiza Faki aletwe.

"Je, umewarudisha wageni wangu?"

"La hasha. Ishirini na watatu wamekula, na mia na sabini na saba wangali mlangoni wanasubiri kwa adabu. Waya sijaugusa, na kompyuta zote zinawaka."

Sultani akacheka mpaka akakaa chini, na ilimlazimu kukaa hata hivyo. "Umenishinda. Lakini niambie, nitasimama hivi mpaka lini?"

"Hata leo usingesimama, bwana wangu. Katika mipangilio ya kompyuta pana mahali pa kuweka kikomo, kwamba sasisho lisile zaidi ya sehemu moja katika kumi ya intaneti. Tena kompyuta moja yaweza kulipokea sasisho, ikawagawia wenzake humu humu ndani bila kuugusa waya wa mji. Ni kubofya mara mbili tu. Nilikuja kumwambia Waziri mara tatu mwezi uliopita, akanijibu kwamba Sultani hapimiwi."

Sultani akamgeukia Waziri Khalifani, akampa mrashi mkononi kwa upole, na chetezo akakitia katika mkono wa pili. "Kikomo kiwekwe kuanzia leo. Ila hawa waliokwisha kubisha hodi watapokelewa kwa kawaida, na wewe ndiwe utakayewapokea, mmoja mmoja. Na wewe Faki, waomba nini?"

"Naomba uje ule pilau nyumbani kwangu, bwana wangu, maana leo binti yangu ameolewa, na nimefurahi hata sijui niiweke wapi furaha hii."

Sultani akaenda akala, akarudia mara mbili. Mize akazungumza na mumewe mpaka meli ilipong'oa nanga, na uso wa Haroub haukuganda hata kidogo. Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa, nami sikupunguza ila majina ya waliokula sana. Ama Waziri Khalifani, alimpokea mgeni wa mwisho siku ya Jumanne, akaketi, akavua kilemba, akapumua; na hapo hapo kompyuta ya kwanza ikabisha hodi.