Foleni ya Bi Mwanakombo

Sogeeni karibu, wenzangu, hadithi imeshabisha hodi.

Palikuwa na mji uliotawaliwa na zimwi. Lilipiga marufuku kuwasaidia wasio na makazi, waliolala kwenye vibaraza vya sokoni. Watu waliogopa wakafunga milango, na kila mlango uliofungwa ulilirefusha zimwi, hadi likayapita mapaa.

Bi Mwanakombo, mjane muuza maandazi, alichoka kuogopa. Siku moja akateleka sufuria ya uji palepale sokoni, awape wale wa vibarazani.

Zimwi likaja, likaupuliza moto ukazimika. "Nenda nyumbani, mwanamke!"

"Siendi!"

Jirani mmoja akafungua mlango, akaleta makaa. Zimwi likapungua kidogo.

Likayanywa maji yote ya mtungi. "Nenda nyumbani!"

"Siendi ng'o!"

Milango mingine ikafunguka, watu wakaja na ndoo vichwani. Zimwi likabaki na kimo cha mtu.

Kwa hasira likaibugia sufuria nzima. "Sasa utapikia nini?"

Bi Mwanakombo akapaza sauti: "Jamani, nani ana sufuria?"

Mji mzima ukafunguka. Zikaja sufuria, zikaja mikeka, yakaja mablanketi. Wenye vyumba wakawashika mkono wasio navyo: "Twende kwangu." Zimwi likanywea, likanywea, likawa kama kuku.

"Nina njaa," likasema kwa sauti nyembamba.

Bi Mwanakombo akalikazia macho. "Shika bakuli. Kaa nyuma ya foleni."

Hadithi naitua hapo. Atakaye na aibebe.