Ngedere Aliyewachoma Maji Moto

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitika kinyonge, mmelala? Paukwaaa!
Pakawaaa!
Haya! Sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale palikuwa na Ngedere na mkewe. Walikuwa na mkorosho wao, mkubwa, matawi yake mpaka kuleee! Mabibo mekundu, matamu, ukiuma maji yanakuchuruzika mpaka kwenye viwiko. Ngedere akila juu, jirani yao Nungunungu akiokota chini.

Lakini juu ya mkorosho huo waliishi maji moto. Mnawajua maji moto? Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani yakawa nyumba. Wakikuuma, utadhani umemwagiwa sufuria ya uji!

Ngedere akipanda, chwi! Mguuni. Akichuma, chwi! Mkiani. Akitafuna, chwi! Mdomoni kabisa!

Siku moja akasema, "Mke wangu, leo ni wao au mimi!"

"Waache, baba. Wanakuuma tu, hawakuli."

"Wewe hebu utazame huu mkia!"

Akakusanya majani makavu. Akawasha. Moshi, fuuu! Moto, pa! pa! pa! Nyumba za maji moto zikapasuka, na watoto wao, wadogo, weupe kama punje za mchele, wakaangukia motoni. Waliosalia wakakimbilia mchungwa uliokuwa jirani.

Ngedere akacheza! Akapanda, akashuka, akapanda tena. Hakuna chwi!

Msimu ukaja. Mkorosho ukachipua. Na mara, ziii! Ziii! Wakaja mbu wa mikorosho. Wembamba, miguu mirefu, mdomo kama sindano.

"Jamani," wakaitana, "mti huu hauna mlinzi! Njooni!"

Wakadunga machipukizi, fyu! Wakafyonza maua, fyu! Machipukizi yakawa meusi. Maua yakakauka, yakapukutika. Ngedere akakata fimbo. Akipiga huku, wanatua kule. Akipiga kule, wanatua huku. Mkewe alikuwa na mimba kubwa, akaketi chini akalia.

"Baba, mwanetu atakula nini?"

Nungunungu akasema, "Zamani hawa walikuwa hawatui. Aliyetua aliliwa."

"Aliliwa na nani?"

"Na wale uliowachoma moto."

Ngedere akaitupa fimbo. Kisha akaenda kwenye mchungwa. Mkubwa wa maji moto, Bi Kishonajani, akatokeza kichwa kwenye jani.

"Umefuata nini? Umekuja na moto?"

"Sina moto, mama. Nimekosa. Naomba mrudi."

"Na watoto wangu je?"

Ngedere akapiga magoti. Akainamisha kichwa, machozi yakamtoka.

Bi Kishonajani akamtazama sana. "Tuna njaa, na mbu wale ni chakula chetu. Lakini hatuwezi kupita chini. Tangu tuondoke, sisimizi weusi wamejaa pale. Watatumaliza sisi na watoto tuliowazaa huku."

"Nitawatengenezea njia!"

Akakimbia! Akakata ugwe wa mwituni, ule mmea utambaao kama kamba, akaufunga kwenye mchungwa, akauvuta kuelekea mkorosho. Vuta! Vuta! Vuta! Ukafika... haukufika! Umepelea! Na maji moto wameshaingia njiani, kila mmoja na mtoto mdomoni! Chini, sisimizi weusi wamefungua vinywa!

"Tunaanguka!" Bi Kishonajani akapiga kelele.

Ngedere akaruka. Akashika ncha ya ugwe kwa mkono, akasokota mkia kwenye tawi la mkorosho. Akawa yeye ndiye daraja!

"Piteni!"

Wakapita. Mkononi, begani, mgongoni, mkiani. Wengine kwa hofu wakamng'ata, chwi! chwi! chwi! Macho yakamtoka.

"Usiachie, baba!" mkewe akalia.

"Siachii!"

Hakuachia. Hata mtoto mmoja hakuanguka. Wa mwisho alipogusa tawi, Ngedere naye akaanguka chini, puu!

Na huko juu, vita! Maji moto wakapanda matawi yote. Mbu mmoja akatua, wakamkamata mguu huu, wakamkamata mguu ule, wakamvuta, kwisha! Wenzake wakapaza sauti, "Wenyewe wamerudi! Tukimbie!" Ziiii! Wakatokomea.

Mkorosho ukachipua upya. Ukachanua. Ukazaa! Bi Ngedere akajifungua binti, mnene, mwenye sauti. Na Ngedere? Hakupanda tena. Alingoja chini na Nungunungu. Bibo lililoiva likidondoka, anaokota, anampa mkewe, kisha ndipo anakula yeye.

Enyi watoto, nanyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: kabla hujamfukuza anayekuudhi, tazama kwanza anakulinda dhidi ya nani. Na ukishamkosea, usiombe radhi kwa mdomo peke yake.

Hadithi yangu imetua hapo, nami nimetua nayo.